Malalamiko: Fundi wenu ametoboa boya la boti yangu akifunga fishfainda (kifaa cha kutafutia samaki)

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Naandika barua hii kwa sababu meseji zangu za WhatsApp mnazisoma, tiki zinageuka bluu na hakuna anayejibu, na nikipiga simu naambiwa fundi yuko saiti atanitafuta. Naomba hii msome mpaka mwisho maana sio suala la kifaa kugoma tu, ni chombo kinachobeba watu.

Nina boti ya pontuni hapa Mwanza, ile ya maboya mawili marefu ya aluminiamu chini na juu jukwaa bapa lenye viti na turubai, injini moja ya nje katikati. Nabeba watalii wanaotaka kuzunguka kisiwa cha Saanane na mawe ya Bismarck, na nabeba wageni wanaokuja kuvua sangara kwa fimbo. Nilipofika dukani kwenu Dar haya yote nilimweleza muuzaji, nikamwonyesha na picha za boti kwenye simu, mbele, nyuma na chini ikiwa juu ya trela. Nikamwambia kabisa kwamba shida yangu ni mbili: kuyaona mawe yaliyo chini ya maji kabla hayajaniona mimi, na kujua samaki wamekaa wapi pembeni ya hayo mawe, kwa hiyo nataka kifaa kinachoangalia na pembeni, sio chini peke yake.

Akanipa kifaa cha bahari kuu. Transdyusa yake, ile sehemu inayokaa majini na kutuma mawimbi ya sauti, ni ya kHz 50 na 200, akanisifia kwamba inasoma chini mamia ya mita. Sasa jamani, Ziwa Victoria lote sehemu yenye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na mimi muda mwingi niko kwenye maji ya mita tano mpaka ishirini. Hiyo nguvu ya kufukuzia jodari huko nje ya Mafia mimi naipeleka wapi? Ninachohitaji ni upana. Mawimbi hayo yanashuka yakitanuka kama koni, na koni ya nyuzi 20 ukiwa kwenye kina cha mita 10 inaona duara la kama mita tatu na nusu tu, na hii yangu kwenye kHz 200 ni nyembamba kuliko hiyo, yaani jiwe likiwa mita tatu kulia kwangu kifaa hakina habari nalo. Muuzaji anayevijua hivi vitu angeniuliza swali moja tu, unavua kina gani, na angenitolea kifaa kingine.

Na ramani je. Nimelipia kadi ya ramani kama bidhaa ya pembeni, nafika Mwanza nawasha, ni maziwa ya Marekani na Kanada. Ziwa langu ni doa la bluu lisilo na kina hata kimoja.

Lakini hayo yote ningeweza kuyavumilia tukayamaliza kwa simu. Lililoniumiza ni ufungaji.

Fundi wenu alikuja, nikamlipia nauli na chumba kama tulivyokubaliana. Kwenye pontuni watu wa hii kazi wanajua transdyusa haifungwi kwa kutoboa boya. Unaifunga kwenye bati nene la kufungia injini, au kwenye mkono uliochomelewa nyuma ya boya, na kama hakuna mkono unatengeneza wa kubana kwa bolti. Sababu ni rahisi, boya ndilo linaloielesha boti. La kwangu limegawanywa vyumba vitatu, kila kimoja kimezibwa kivyake, ili kimoja kikipata tundu vingine viendelee kushika. Bati lake halifiki hata milimita tatu. Fundi wenu alichukua drili akapiga skrubu nne kwenye boya la kushoto, mbili zikiwa chini ya mstari wa maji, akapaka silikoni nyeupe ile ya kuzibia masinki, akaniambia subiri ikauke boss iko poa. Mimi wakati anatoboa nilikuwa nimeenda kuchukua betri, nilikuta kazi imeisha.

Baada ya muda nikaona boti inakaa chini upande wa kushoto nyuma. Kidogo mwanzoni, kiasi kwamba unafikiri ni abiria wamekaa vibaya, halafu ikawa hata ikiwa tupu imelala. Tukaivuta juu ya trela. Kijana wangu akafungua skrubu ya chini kabisa na maji yakaanza kutoka, mkondo mwembamba unene wa penseli, na hayakukatika, tulikaa pale tukisubiri. Skrubu yenyewe ilikuwa chuma cha kawaida, ina kutu tayari, na kuzunguka tundu aluminiamu imeanza kufanya unga mweupe. Chuma na aluminiamu vikigusana ndani ya maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa, hili mafundi boti wote wanalijua. Skrubu nyingine ilikuwa inazunguka tu haijakamata kitu.

Nyie mko mbali labda mnaona ni kamchuruziko tu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na chumba cha nyuma kikijaa hayo ni mamia ya kilo upande mmoja, halafu watalii wote wasimame upande huo huo kupiga picha. Mji huu ulizika watu wa MV Bukoba, meli iliyopinduka mwaka 1996. Hapa chombo kulala upande hakuna anayekichukulia kirahisi, na mimi sitapandisha mtoto wa mtu kwenye boti hii mpaka ipone. Kwa hiyo msimu unaenda, boti iko juu ya trela, na wageni niliokuwa nimeshachukua oda zao nimewarudishia hela.

Na hicho kifaa ambacho boya limetobolewa kwa ajili yake chenyewe hakifanyi kazi. Transdyusa imekaa upande wa ndani wa boya la kushoto, karibu kabisa na propela, upande ambao pangaboi linapanda juu na kusukuma mapovu. Kwa injini inayozunguka kulia kama yangu inatakiwa iwe upande wa kulia, sentimita 38 au zaidi kutoka kwenye propela, na ishuke kidogo chini ya usawa wa boya ili ikutane na maji yaliyotulia. Yangu imejificha nyuma ya ufito uliochomelewa kwenye boya. Nikiongeza mwendo kidogo namba za kina zinapotea. Waya wa transdyusa aliuona mrefu akaukata, akaunga kwa tepu nyeusi, wakati waya ule una kinga yake ndani na haukatwi, unaukunja tu unaufunga pembeni. Umeme ameuchukua kwenye waya za injini badala ya kuutoa moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, matokeo yake injini ikiwaka skrini inajaa chenga. Na kwenye menyu ameacha maji chumvi. Ziwa Victoria!

Sasa nataka hivi. Kwanza kabisa boya, mlete au mlipie mchomeleaji wa aluminiamu anayetumia gesi ya argoni, sio wa mageti, azibe matundu yote manne, halafu chumba kipimwe kwa upepo wa presha ndogo na maji ya sabuni mbele yangu. Kifaa mkichukue, mnipe chenye koni pana na cha kuangalia pembeni, ambacho pia naweza kurekodi nacho ramani ya kina mwenyewe nikipita, na kifungwe na fundi mwingine kwenye bati la injini, transdyusa ikiwa chini ya usawa wa maboya, la sivyo huo upande itakuwa inasoma bati la boya. Hela ya kadi ya ramani mnirudishie. Na gharama ya boti kukaa nchi kavu tukae tuizungumze, risiti na oda zilizofutwa ninazo.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi kwamba mteja akimweleza muuzaji kazi anayotaka na akategemea utaalamu wake, kitu kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza na picha nikaonyesha. Nikiona kimya tena napeleka faili Tume ya Ushindani, na sitamani tufike huko maana duka lenu ndilo lililo na vifaa vya boti ambavyo wengi wetu kanda ya ziwa tunavitegemea.

Nimeambatanisha risiti, picha za skrubu, na video ya maji yakitoka kwenye boya. Boti iko Kirumba, inaweza kukaguliwa siku yoyote asubuhi. Nitajieni tarehe ya fundi kuja na jina lake, nimwandalie sehemu ya kufanyia kazi.

Mteja wenu,
Mwenye boti, Mwanza