Swali la tisa lisirukwe

Mhariri,

Magazeti yetu yakiripoti mtu kujitoa uhai, huongeza kwamba "alikuwa na sonona", yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, na habari ikaishia hapo. Uhusiano upo, tena mkubwa. Hata hivyo, wengi wenye sonona hawajaribu kamwe kujiua, na wapo wanaojiua bila sonona, kwa sababu ya pombe, madeni au ugomvi wa ghafla. Wa kuangaliwa zaidi ni aliyekata tamaa, asiyeiona kesho yake, hata kama haonekani mwenye huzuni.

Kliniki nyingi hupima sonona kwa dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mgonjwa achunguzwe zaidi. Tatizo ni swali la tisa, linalouliza kama amewaza heri afe au ajidhuru. Wahudumu wengine hulipitia mbio, au hujaza sifuri wenyewe, wakihofia kumtia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Wengi hupumua wakipata wa kuwauliza. Tena jumla yaweza kuwa 7 tu na swali la tisa lina 2. Huyo asiambiwe yuko sawa. Aulizwe hapo hapo, faraghani: unafikiria kujiua? Umepanga? Lini? Umewahi kujaribu? Mwenye mpango asiachwe peke yake hata dakika, na apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Nyumbani, dawa za shambani na vidonge vifungiwe, ufunguo ukae kwa mtu mwingine.

Kuna wakati jamaa hulegea mapema. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi sita kufanya kazi, na nguvu za mwili zaweza kurudi kabla ya matumaini. Mgonjwa anaamka, anaoga, wote wanasema amepona. Wiki hizo ndizo za kumtembelea, hasa aliye chini ya miaka 25, na dawa apewe za wiki moja moja.

Kisingizio cha kuogopa polisi nacho kimepungua: Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomshtaki aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba.

Nanyi wahariri, acheni kutaja njia iliyotumika. Nafasi hiyo iwekeni 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Wauguzi wa afya ya akili,
Nakuru