Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kuchanganya Mazao Bustanini

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo katika taarifa ya katibu. Mimi naomba muda wangu niutumie kwenye matuta ya mboga, kwani ndiyo kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu.

Kuchanganya mazao si jambo geni hapa Kilimanjaro. Kihamba cha wazee kina migomba juu, kahawa chini yake, na chini kabisa magimbi na maharage. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huo kule Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Kila mmea kihambani una kazi yake na nafasi yake. Tulipotembelea bustani za wanachama tuliona mchanganyiko kila mahali, ila mara nyingi mwenye bustani hakuweza kueleza kwa nini mimea hiyo imewekwa pamoja.

Chukueni nyanya. Wengi wetu tunaizungushia nyanya chungu, hoho, biringanya na mnavu tukiamini tumechanganya, kumbe hao wote ni ukoo mmoja. Kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda na aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, hushambulia nyanya kuliko kitu kingine, lakini nyanya ikiisha hujihifadhi kwenye mnavu na biringanya akisubiri msimu ujao. Mnyauko bakteria nao hubaki udongoni ukingoja mmea mwingine wa ukoo huohuo. Kamati inashauri mnavu upewe tuta la mbali, na palipotoka nyanya pafuate mahindi, kunde au vitunguu. Viazi mviringo hapana, navyo ni ndugu wa nyanya. Kunde zikishavunwa msizing'oe: kateni mashina, mizizi ioze palepale irutubishe udongo.

Mchanganyiko ulionifurahisha kuliko yote ni sukuma wiki na vitunguu vya majani, mstari kwa mstari. Harufu ya kitunguu huwasumbua wadudu mafuta, wale wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, wanapoitafuta sukuma. Haiwamalizi, lakini inawapunguza. Kuna pia wanachama walioiacha giligilani itoe maua badala ya kuing'oa, na hawa nawapongeza kwa dhati. Maua yale huvuta nzi wadogo wenye mistari kama ya nyuki, ambao hutaga mayai palipo na wadudu mafuta, na mabuu yao huwala. Ukipuliza dawa kali unawaua na hao. Nawasihi tuache kupuliza kwa mazoea.

Kuhusu bangi mwitu, ule mmea wenye harufu kali ambao si bangi ya kuvuta, kila kikao limeulizwa swali lilelile: tumeipanda ukingoni, mbona minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, haipungui? Jibu ni kwamba kinachoidhuru minyoo hutoka kwenye mizizi, na hufanya kazi pale mizizi ilipofika tu. Mashina machache ukingoni hayawezi kulisaidia tuta. Inatakiwa ijazwe tuta zima, ikae miezi miwili hadi mitatu, kisha ikatwe na kufukiwa kabla haijakomaza mbegu, ndipo nyanya ifuate. Najua kwa mama mwenye matuta mawili ya kulisha nyumba nzima hilo ni gumu. Basi tuanze na lile tuta ambalo mimea yake iking'olewa mizizi huonekana imevimba mafundo, mengine yaendelee kutoa mboga.

Waliouliza juu ya sukuma-vuta ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, yenye desmodiamu (malisho ya jamii ya mikunde) kati ya mistari na matete pembezoni, wajue ni mbinu ya shamba la mahindi, dhidi ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na viwavi wanaotoboa mashina. Mwenye mahindi na ng'ombe wa ndani ninamhimiza aijaribu.

Naomba mkutano upitishe mambo mawili. Kwanza, kabla ya masika kila mwanachama achore bustani yake na kuandika ni ukoo gani uliokaa kila tuta, ili kamati ikipita iwe na pa kuanzia. Pili, tukusanye kwa pamoja mbegu za bangi mwitu na giligilani, zigawiwe kwanza kwa wenye matuta yenye mafundo.

Mwenyekiti