Nilidhani mama anaharisha, kumbe amefunga choo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua niongelee kitu ambacho wengi tunakisema kwa kunong'ona, kufunga choo. Naona kurasa za afya zinaandika presha, sukari, figo, ila hii inapitwa tu kama vile haipo, na mimi imenikuta ndani ya nyumba yangu.

Mama yangu ana miaka 78. Miezi kadhaa iliyopita alianza kuchafua nguo, majimaji kidogo kidogo, asubuhi, mchana, jioni, shuka tunabadilisha mara tatu kwa siku. Mimi nikajua anaharisha, nikampa dawa ya kuzuia kuharisha, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku tumbo linazidi kujaa, chakula hataki, anasema anasikia kichefuchefu, na usiku anaongea maneno hayaeleweki nikasema basi ni uzee. Tulipofika kwa daktari akamminya tumbo, akampima njia ya haja kubwa kwa kidole, akanigeukia akaniambia mama yako haharishi, amefunga choo. Kinyesi kilikuwa kimekauka kimejikusanya kule mwisho wa utumbo kigumu kama jiwe, na yale maji tuliyokuwa tunayaona ni choo laini cha juu yake kinachopenya pembeni na kuvuja. Yaani ile dawa niliyokuwa nampa kwa mkono wangu ndo ilikuwa inazidi kumfunga. Nililia pale pale mbele ya daktari.

Tangu siku ile nimeuliza sana, na nilichogundua kwanza ni kwamba wengi tunahesabu siku tu. Mtu asipoenda leo anahangaika kutafuta dawa ya kufungua tumbo, kumbe kuna mzima anayeenda mara tatu kwa siku na kuna mzima anayeenda mara tatu kwa wiki, na wote wako sawa kama ndo kawaida yao na hawateseki. Ikishuka chini ya mara tatu kwa wiki hapo uanze kuangalia. Lakini pia kuna anayeenda kila siku na bado amefunga, anajikamua mpaka mishipa ya shingo inasimama, kinachotoka ni vigololi vikavu kama vya mbuzi, na akinyanyuka anahisi bado kuna kitu kimebaki au kimeziba njiani. Daktari alinionyesha chati iliyotengenezwa Bristol kule Uingereza ikachapishwa 1997, ina michoro saba, namba 1 ni gololi kavu na namba 7 ni maji matupu. Namba 1 na 2 ndo choo kigumu, 3 na 4 ndo inayotakiwa. Ni chati rahisi mno, hata mtoto anaweza kuonyesha kwa kidole choo chake ni kipi.

Sasa kwa nini kinakauka? Kazi moja kubwa ya utumbo mpana ni kunyonya maji, kwa hiyo choo kikikaa humo muda mrefu kinanyonywa mpaka kinakuwa kikavu, na chochote kinachopunguza mwendo wa utumbo kinaleta shida hiyo hiyo. Kwa mama vilikutana vitu vitatu kwa wakati mmoja. Alikuwa anaumwa nyonga akapewa vidonge vya maumivu vya tramadoli, na dawa za jamii hiyo, kodeini na mofini zikiwemo, zinapunguza mwendo wa utumbo. Alikuwa anameza na vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, navyo vinakausha choo. Halafu, hili ndo linaniuma mpaka leo, alikuwa amepunguza kunywa maji makusudi kwa sababu kuamka usiku kwenda kukojoa kulikuwa kunamtesa nyonga, na hakutuambia. Siku tunachukua zile dawa hakuna aliyetutajia neno choo, na sisi hatukuuliza. Kumbe hata baadhi ya dawa za kiungulia, za mzio, za presha na za msongo wa mawazo zinaweza kufanya hivyo. Usiache dawa kienyeji lakini, rudi umwambie aliyekuandikia.

Wajawazito wanapata sana kwa sababu ya homoni na hivyo vidonge vya chuma. Kisukari, tezi ya shingo ikiwa inafanya kazi taratibu, kiharusi, vyote vinaweza kuleta. Watoto nao wana yao, akiumia siku moja tu kwa choo kigumu anaanza kubana, anakunja miguu, anajificha nyuma ya mlango uso umemwiva, mzazi anadhani anasukuma kumbe anazuia kisitoke, na kadiri anavyozuia ndivyo kinavyozidi kukauka. Mtoto wa hivyo jamani msimchape wala msimzomee.

Kila mtu atakwambia kula mboga, matunda, maharage, nafaka zisizokobolewa, na ni kweli, mtu mzima anahitaji nyuzinyuzi kama gramu 25 mpaka 30 kwa siku. Ila ukiongeza nyuzinyuzi bila maji unaweza kujikuta tumbo limejaa zaidi, na aliyeziba kama mama alivyoziba hafunguliwi na matunda, yeye ilibidi asafishwe kwanza kwa dawa ya kupitishia nyuma ndo akawekwa kwenye dawa ya kulainisha kwa wiki kadhaa. Sasa hivi akishamaliza kula asubuhi namsaidia kukaa chooni, maana utumbo unaamka baada ya chakula, namwekea kigoda chini ya miguu magoti yapande juu, na hatumharakishi.

Kuna dalili ambazo siyo za kusubiri nyumbani: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyepita miaka 50, kwa sababu inaweza kuwa saratani ya utumbo. Na tumbo likivimba na kuuma, unatapika, hata hewa haitoki, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mhariri, ninachoomba ni mwandike hili kwenye ukurasa wa afya wazi wazi, na hasa hili la mzee anayevuja maji huku amefunga, maana nina hakika kuna mtu leo amekaa pembeni ya kitanda cha mzazi wake na dawa ya kuzuia kuharisha mkononi. Nilimsomea mama barua hii kabla ya kuituma. Alipofika pale pa shuka akaniambia nipatoe, akanyamaza kidogo, halafu akasema paache.

Msomaji wenu