Maboksi ya Thanksgiving kwa majirani

Habari zenu ndugu. Ule mjadala wetu wa nani awe mwenyekiti tuuweke kiporo mpaka Desemba. Hauishi leo, na kuna majirani wanaohitaji chakula kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya Novemba.

Kila boksi: mchele ratili 10, maharage ratili 4, unga wa ugali, mafuta, vitunguu, viazi vitamu na kuku wawili. Bata mzinga apewe tu mwenye oveni inayofanya kazi na chombo cha kumtosha. Wengi waliohamia juzi hawana, na kuku wanamjua vizuri zaidi. Bata mzinga wa ratili 12 aliyeganda huchukua siku 3 kuyeyuka ndani ya friji, kwa hiyo afike Jumapili, si Jumatano usiku. Akiachwa mezani, nje huanza kuharibika huku ndani bado ni barafu. Mkumbusheni mpishi atoe kimfuko cha maini na firigisi kilichofichwa tumboni, na nyama ifike nyuzi 165 za Farenhaiti.

Kwa Waislamu, kuku wa halali, lebo isibanduliwe.

Pigeni simu kabla ya kwenda. Picha za mlangoni hapana, jamani. Wenye magari, andikeni hapa mtaa wenu na maboksi mangapi mtabeba.