Kaka wa bibi yangu nimemkuta kwenye kadi ya mabaharia

Mhariri, salamu nyingi kwako na wasomaji wote. Mi naandika kutoka Unguja, na jambo hili ninalo moyoni toka utotoni maana bibi yangu mzaa mama kafa huku anauliza habari za kaka yake, yule aliyepanda meli ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaenda kutia makaa, akaleta barua moja tu kisha kimya.

Barua yenyewe ilikaa kwenye kasha la bibi chini ya kanga, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Sisi wajukuu hatukuweza kuisoma, Kiswahili ndio lakini kwa herufi za Kiarabu kama walivyokuwa wakiandika watu wa zamani, ikabidi niipeleke kwa mwalimu wa chuoni akanisomea polepole kidole kinafuata mstari. Salamu, salamu, baridi kali, salamu tena, na chini kabisa pale anapokaa, Bute Street, Cardiff, mji wa bandari kule Uingereza.

Nikaingia intaneti nikaandika jina lake kamili, hamna kitu, miezi inapita naandika lile lile tu. Kumbe kosa ndo hilo, natafuta jina tunalolijua sisi. Kwetu mtu ni fulani bin fulani, sasa karani wa bandari kule anasikia kwa sikio lake anaandika anavyoweza, Hamisi anakuwa Amis, bin inakuwa Ben, na jina la baba ndo linafanywa jina la ukoo. Nilipoliacha jina nikatafuta kwa Zanzibar na mwaka wa kuzaliwa mambo yakaanza kuonekana. Mwaka nao bibi alishatuachia bila kujua, alikuwa akisema kaka kazaliwa mwaka wa vita vya Seyyid Khalid, yani 1896, Waingereza walipoipiga mizinga nyumba ya mfalme.

Uingereza kuna kadi za mabaharia wa meli za biashara za 1918 mpaka 1921, zimehifadhiwa Southampton, zina mahali na tarehe ya kuzaliwa na maumbile ya mtu, na nyingi zina picha. Nilipompa mama simu hakusema kitu, akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akayatazama yale masikio, halafu akapaza sauti uani, "Njooni mumuone mjomba!" Bibi hakuwahi kuiona, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye faharasa ya ndoa za kule, ambayo toka 1912 inaonesha majina ya ukoo ya wote wawili, nimekuta ndoa ya Cardiff inayofanana naye, kaoa mwanamke wa huko huko. Baada ya hapo simuoni tena. Sensa ya 1931 iliungua moto 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, imebaki ile orodha ya watu ya Septemba 1939 ambayo bado naipekua kila herufi.

Ninachokuomba Mhariri, tupe hata kijisehemu kidogo kwenye gazeti kila wiki watu watafute ndugu zao, maana nyumba nyingi hapa pwani zina mtu wa namna hii, na wazee wanaojua majina ya utani, kijiji alichotoka na mama yake alikuwa nani wanaondoka. Wasomaji, waulizeni leo, muandike hata yale mnayoona hayana maana, mimi vita vya Seyyid Khalid ndo vilivyonifikisha.

Na kama kuna msomaji yuko Cardiff, tafadhali aulizie kwa wazee wa mtaa wa Butetown familia yenye babu baharia wa Zanzibar. Jina na nakala ya kadi nimeviambatisha na barua hii, naomba usivichapishe, mwenye habari akuandikie wewe nami nitakuja ofisini kufuata.

Mjukuu, Unguja