Wifi yangu, mwanetu bado hajapata chuo

Wifi yangu,

Vigelegele vya kwenye grupu la familia nimevisikia, na mimi shangazi mtu najivunia yule binti na soka lake kuliko wote. Ila hili la kutangaza kwamba "ameshapata chuo" cha kuchezea soka, naye ana miaka 14 na ndiyo kwanza kaingia darasa la tisa huko Texas, nimeona nilijibu hapa hadharani. Wazazi wenye habari kama yako ni wengi.

Nani kakwambia? Kama ni kocha wa klabu, yeye hana nafasi ya chuo ya kumgawia mtu. Na kocha wa chuo chenyewe haruhusiwi kuzungumza naye mambo ya usajili kabla ya Juni 15, akishamaliza darasa la kumi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, waliweka kanuni hiyo mwaka 2019 kwa soka na michezo mingine mingi, maana watoto walikuwa wanawahiwa wakiwa bado wadogo mno.

Halafu ahadi ya mdomo haimfungi yeyote. Mwaka 2010 Lane Kiffin, kocha wa futiboli ya Kimarekani pale USC, chuo kikuu cha California, alimpa nafasi David Sills, mrusha mpira wa miaka 13, naye akakubali. Mwaka 2013 Kiffin akafukuzwa kazi. Kijana akaishia Chuo Kikuu cha West Virginia, tena akidaka mipira badala ya kuirusha. Alifanya vizuri sana, lakini ile ahadi haikumsaidia kitu. Kocha ni mwajiriwa, wifi. Timu ikifungwa mfululizo anaondoka, na anayekuja ana watoto aliowachagua mwenyewe.

Nafasi nazo zimebana. Vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kuwalipa wanamichezo, ulioanza 2025, haviruhusiwi kuzidisha wachezaji 28 kwenye timu ya soka. Kocha akipata binti wa miaka 20 aliyekomaa, anayehama kutoka chuo kingine, atamsubiri wetu wa nini?

Kwa hiyo akiahidiwa nafasi, asiseme ndiyo, asiseme hapana. Ashukuru tu. Ile fulana ya chuo mliyomnunulia avae, imempendeza.

Kinachonikosesha usingizi mimi ni masomo. Ili acheze daraja la kwanza la michezo ya vyuo, NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari, na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Kumi kati ya hayo yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza, na saba katika hayo kumi yawe ya Kiingereza, hesabu au sayansi. Masomo hayo yanaanza kuhesabiwa darasa la tisa, yaani sasa hivi. Nendeni kwa mshauri wa masomo shuleni, mumwombe orodha ya masomo yanayokubalika, kwa sababu si kila somo linalofundishwa pale linahesabiwa.

Na aljebra, nasikia inamtoa jasho. Futeni safari moja ya mashindano ya wikiendi, hela ya hoteli na petroli imlipe mwalimu wa tuisheni. Kaka yangu atanuna. Mwambie nimesema mimi.