Usiinunue hiyo foamu kwanza

Swahibu,

Za Bagamoyo? Shemeji na watoto hawajambo? Mi huku Tanga nipo, kusi limekaza wiki hii hatutoki, bas nimepata nafasi ya kukujibu kuhusu lile boti lako. Umeniuliza sakafu ya pale nyuma kwenye usukani uweke nini cha bei nafuu, na naona roho yako ishaangukia ile foamu ya kubandika yenye michoro ya mbao.

Ile ni EVA yakhe, kitu kilekile wanachotengenezea malapa, ndo maana mguu unaipenda. Si mbaya, ila wewe unavua, ndoano na kisu vitaichana, na ukichukua rangi nyeusi saa 7 mchana utarukaruka kama kuku kwenye jivu la moto. Lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba ukishabandika huoni tena kilicho chini.

Mi nlikuta boti limegundishwa kapeti la nyasi, lile la kijani, nikasema alhamdulillah sakafu tayari. Siku naling'oa harufu iliyotoka hata paka wa mtaani kwetu Sahare walisogea! Kapeti lilikuwa linanywa maji ya chumvi na ya mvua halikauki, maji yakashuka kwenye matundu ya skrubu mpaka kwenye plaiwudi iliyo ndani ya faiba, imelowa kama mkate kwenye chai, naichota na kijiko. Juu faiba inang'aa hujui kitu. Kwa hiyo wewe chukua bisibisi, geuza mpini ugonge sakafu yote shubiri kwa shubiri, ikilia ko ko ni nzima, ikilia bu bu ka' umegonga godoro weka alama na chaki, hapo pameoza.

Asa mimi kwa ubahili, kuweka sakafu mpya nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikachukua marini bodi, ile ya kumwagia zege, jina lilinidanganya nikadhani ni ya baharini. Plaiwudi 1 ya futi 8 kwa 4 ni karibu mita za mraba 3, na sakafu yangu ni mita 1 na nusu kwa 2, nikaona Mungu kanipimia. Nikailazia faiba na rezini (ile gundi ya faiba) juu kwa juu, wiki ya pili ikabanduka yote kama ganda la ndizi. Kumbe ile ngozi yake laini imewekwa makusudi zege lisishike, bas na rezini haishiki. Ilibidi niikwangue kwa msasa mpaka mbao ionekane, afu kingo zote nizipake rezini maana maji yanaingilia pembeni. Na jua la huku dawa ya kugandishia rezini usizidishe, mils 10 kwa lita 1 inatosha, mi mara ya kwanza nlimimina kwa macho ikagandia koponi inafuka moshi.

Juu yake nimepaka rangi ya boti na mchanga tu. Mchanga wa pwani ukaoshwe na maji baridi chumvi itoke, uanikwe, uchekechwe (chekeche la unga la mama watoto, hatujaongea vizuri mpaka leo). Unapaka mkono wa kwanza, ikiwa bado mbichi unanyunyiza mchanga kama unatia chumvi kwenye muhogo, ikikauka unafagia uliobaki afu unapaka wa pili. Kijivu cheupe, isiwe nyeusi. Hauteleziki hata na damu ya samaki, na nyufa ikitokea unaiona siku hiyohiyo.

Mbao za mtiki najua utaniuliza, maana shamba la mitiki la Longuza pale Muheza lipo karibu. Nzuri, ila bei, uzito, na ina mafuta, usipoifuta na tina kabla ya kugundisha gundi inaachia. Fundi mmoja mzee wa vyombo vya baharini huku kanishauri kitu cha karibu bure: vipande vya mbao vilivyobaki, pigilia fremu yenye nafasi nafasi, uilaze tu bila kuigundisha, maji yanapita chini na ukitaka kuosha unainyanyua. Miguu ya abiria inakaa pakavu. Nimetengeneza moja, naipenda kuliko vyote.

Bas usilipe chochote. Bamvua (maji makubwa) likija lipandishe boti, ligonge, afu unitumie vipimo na unambie limelia vipi.

Wako,
wa Sahare